Kiatu cha Mbio kwa Mguu wa Matende

Tangu utotoni sikuwa mtu wa kukaa. Mama alikuwa akinituma dukani kwa sababu alijua nitakwenda mbio na kurudi mbio, na kama hana la kunituma, nitapanda na kushuka ngazi za nyumba bila kazi yoyote mpaka jirani wa chini agonge dari kwa mpini wa ufagio. Kwa hivyo nilipopata kazi ya kufundisha michezo katika shule ya wasichana, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, watu wa mtaa wetu wa Kibokoni, Mombasa, hawakushangaa. Walinuna, lakini hawakushangaa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Asubuhi nilitoka nyumbani na buibui langu, nikavuka mji, na nikishaingia ndani ya ukuta wa shule nalivua, nabaki na gauni refu na suruali, navaa raba zangu nyeupe, na kuanzia hapo ni mbio mpaka kengele ya mwisho.

Naandika haya sasa kwa kuwa mguu wangu umetulia, na kwa kuwa siku zile nilipokuwa mgonjwa nilimtafuta mtu mmoja tu wa kuniambia maisha yanavyokwenda kwa mwenye matende, sikumpata. Tuko wengi, lakini kila mmoja amejificha nyuma ya mlango wake. Habari za mbu na vidudu waulizeni madaktari, wao ndio wenyewe. Mimi nitasema habari za mabenchi, za homa, za nyumba yetu, na za kiatu.

Ugonjwa ulianza wakati wa kaskazi, joto limepamba moto. Nilirudi kutoka shuleni nikihisi baridi, meno yanagongana, watu wote wanajipepea. Kinenani pakatoka mtoki, donge linalouma ukipiga hatua, na ngozi ya paja la kulia ikawa nyekundu mpaka gotini. Siku nne nililala. Siku ya tano homa ikanitoka, mguu ukapungua, nikarudi kazini nikidhani yamekwisha. Homa ikaja tena mwezi uliofuata, na tena mvua za mwaka zilipoanza. Kila ilipokuja mguu ulivimba, na kila ilipoondoka mguu ulipungua kidogo kuliko mara ya kabla yake. Asubuhi moja nilikaa kitandani nikakitafuta kifundo cha mguu wangu kwa kidole, nikakikosa. Palikuwa na nyama tu, laini, na kidole kilipoondoka kiliacha shimo.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba alikuwa amefariki. Mama alikuwa akishona, na kakangu Omari alikuwa karani wa forodha, ndiye mwanamume wa nyumba. Mama hakulitamka jina la ugonjwa. Wageni walipokuja kunijulia hali aliwaambia nina malaria, na kabla hawajaingia alinitupia shuka miguuni, hata kama nimelowa jasho. Posa moja iliyokuwa ikizungumzwa ilinyamaza, na hakuna aliyetuambia kwa nini, wala sisi hatukuuliza. Omari naye hakulitaja, ila lawama alikuwa nayo.

"Ni mbio hizo," alisema. "Tulikwambia. Mwanamke mzima kurukaruka uwanjani."

"Mbu haulizi unafanya kazi gani," nilimwambia.

"Basi kaa, mguu upumzike."

Kila mtu aliniambia nikae. Ukitaka kujua ugonjwa wangu ulinitesa kwa kitu gani, ni hilo neno.

Hospitalini ndiko nilikojifunza kukaa kwa lazima. Benchi la wanawake lilikuwa refu, la mbao, katika ukumbi uliopakwa rangi ya kijani mpaka nusu ya ukuta. Unafika saa moja, unatoa kadi yako, unangoja. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilisoma tangazo la chanjo mpaka nikalijua kwa moyo. Kisha nikaanza kutazama miguu. Chini ya benchi lile palikuwa na miguu mingine kama wangu, nayo yote imefichwa: huyu ameweka kikapu mbele, huyu amemkalisha mtoto juu ya nyayo zake, huyu ameukunja wake nyuma ya mguu wa benchi mpaka akashikwa na ganzi. Sisi kwa sisi hatukutazamana usoni. Nikashindwa, nikasimama, nikaanza kwenda na kurudi.

"Dada, keti," muuguzi aliniambia. "Wawachosha wagonjwa wenzio."

"Siwezi kuketi."

"Basi simama pahali pamoja."

Hilo nalo sikuliweza. Nilipofika mara ya tatu alinipa bandeji za kukunja, rundo zima, nikazikunja nikitembea. Sijui jina lake mpaka leo, lakini kila nilipofika alikuwa amenitengea rundo langu, na mimi nahesabu hiyo ni rehema.

Kozi ya kwanza ya vidonge ilikuwa wiki tatu. Siku za mwanzo vilinizidishia homa na kizunguzungu, mama akataka kuvitupa. Vilipokwisha, homa zilipungua, lakini mguu haukurudi. Daktari alinifunza kuuosha kwa sabuni asubuhi na jioni, kuukausha mpaka baina ya vidole, kuuinua nikilala. Nikamuuliza lile nililokwenda nalo moyoni.

"Nitaweza kukimbia?"

"Kutembea ni kuzuri kwako," alisema. "Kukimbia kidogo sikukatazi. Lakini ngozi hiyo isichubuke. Kidonda kidogo kwa mtu mwingine, kwako wewe ni homa nyingine na uvimbe mwingine." Akautazama mguu, kisha akanitazama mimi. "Utakimbia na kiatu gani?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba anauliza kweli.

Maana mguu wangu haukuwa mguu mmoja. Alfajiri ulikuwa karibu sawa na mwenziwe, raba yangu ya zamani iliingia nikiisukuma. Saa nne ulikuwa umeshajaa, kamba zinakata. Saa tisa hata ukinilipa hauingii. Nikachukua raba za Omari. Asubuhi kisigino kilipanda na kushuka ndani kama mchi kinuni, adhuhuri zilinikaa, alasiri zilinibana vidole. Nikaenda duka hili na duka lile nikajaribu vya kila namna, na kila muuzaji aliniuliza, "Nambari gani?" Ningemjibu nini? Nambari ya saa ngapi?

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa Bi Esta, Mkristo wa bara, aliyehamishiwa Mombasa mwaka uliotangulia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniita afisini baada ya mvua kwisha.

"Mwalimu Mwanaisha, muhula huu wenzio wamekushikia vipindi vyako. Muhula ujao nahitaji mwalimu anayeweza kuwa uwanjani kipindi kizima. Ikiwa hutaweza, iko kazi hapa afisini, ya kuandika daftari za mahudhurio. Mshahara wako hautapungua."

"Kazi ya kukaa."

"Ndiyo, ya kukaa. Sikufukuzi."

"Najua, Bi Esta. Nashukuru."

Nilitoka nikauzunguka uwanja kwa mguu, pekupeku, mara tatu, wasichana wakinitazama madirishani. Nilipofika nyumbani mguu ulikuwa kama mto wa kulalia. Niliutegemeza ukutani, nikalala chali, nikakodolea dari macho, na kila kitu ndani yangu kilikuwa kinakwenda mbio isipokuwa mimi mwenyewe.

Mtaa wa Kuze, jirani na kwetu, palikuwa na fundi wa makubadhi ya ngozi, Fundi Shee, mtu wa makamo, mkavu wa maneno. Viatu vyake vilisifiwa, yeye mwenyewe hakusifiwa. Nilimwendea asubuhi moja nikiwa nimekwisha kuyakatia tamaa maduka. Nilisimama mlangoni nikamsalimu, nikamweleza: nataka kiatu cha kukimbilia, kimoja, cha mguu wa kulia, kitakachokaa sawa asubuhi na kitakachokaa sawa jioni, na baina ya hapo mguu utakuwa umekua kwa kiasi cha kiganja.

Hakuuliza kwa nini. Aliweka kisu chake chini. "Umekua wapi? Juu, au ubavuni, au vidoleni?"

"Pote."

"Hakuna kitu kinachokua pote sawasawa. Rukia," alimwita mkewe, "mpime huyu mwalimu."

Bi Rukia akanitia chumba cha ndani, akashusha pazia, akauzungushia mguu wangu ugwe, akapiga fundo penye vidole, fundo penye unyayo, fundo penye kifundo. Hakusema pole. Mtu wa kwanza asiyesema pole. Alimrushia mumewe ugwe kwa juu ya pazia, na sauti ya fundi ikarudi: "Huu ni wa asubuhi. Nataka wa adhuhuri na wa alasiri."

"Niende nirudi?" niliuliza.

"Ukienda ukirudi, nitapima mguu uliotembea Kibokoni mara mbili," alisema kwa nyuma ya pazia. "Kaa hapa."

Siku nzima nilikuwa mle. Bi Rukia aliniona ninavyozunguka chumba, akanipa ungo wa mchele niuchague, nikauchagua nikiwa wima dirishani. Kabla ya magharibi palikuwa na vipande vitatu vya ugwe vimening'inia msumarini, na wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza kwa kiasi ambacho mimi mwenyewe, mwenye mguu, sikukidhania.

Baada ya wiki mbili kiatu kilikuwa tayari. Alikuwa amechukua raba kubwa ya turubai, akaipasua mbele mpaka karibu na vidole, akaitia ulimi mpana na matundu ya kamba yanayoanzia chini kabisa. Juu, penye kifundo, kulikuwa na ukanda wa ngozi wenye bizimu la chuma na matundu sita ya kukazia. Ndani aliweka tabaka tatu za blanketi la sufu, zinazotoka moja moja: asubuhi zote tatu, adhuhuri unatoa moja, alasiri unatoa ya pili. Cha mguu wa kushoto kilikuwa raba ya kawaida, aliyoiongeza soli ili nisiende upande.

"Sikikabidhi bado," alisema. "Utakivaa, na kila Alhamisi utakuja unieleze. Usinambie ni kizuri. Nambie kinabana wapi."

Nilikivaa nyumbani kesho yake alfajiri. Nikatembea ukumbini, nikapanda ngazi, nikashuka. Shuleni, wasichana hawajafika, nilikimbia. Hatua arubaini, kutoka mlingoti wa bendera mpaka ukutani. Nilishika ukuta, nikahema, nikarudi arubaini nyingine. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda mara ya tatu.

Alhamisi ya kwanza fundi alinihoji kama hakimu.

"Kisigino kinapanda?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Nilimwonyesha kwa ukucha. Akatia kipande cha ngozi kwa ndani. Alhamisi ya pili nilimwambia vidole vinapata moto, akatoboa vijitundu. Alhamisi ya tatu nilimwambia tabaka ya katikati inajikunja nikipiga kona, akaitia uzi. Kila alipokichukua alikaa nacho siku mbili, na siku hizo mbili nilikuwa mtu asiyestahimilika nyumbani. Mama alinikimbia akaenda kushonea kwa jirani.

Sasa nitasema kosa langu, kwa maana nisiposema haya yote hayana faida. Wiki ya nne nilihisi bizimu linaning'ata mbele ya kifundo, alasiri, mguu unapojaa. Nilitia pamba. Siku ya pili palikuwa pamechubuka, kadiri ya punje ya pojo. Alhamisi fundi akauliza, "Bizimu vipi?" nami nikajibu, "Halina neno." Nilijua nikisema kweli atakichukua. Sikutaka kukaa siku mbili.

Jumamosi nilikuwa na homa ambayo sikuwahi kuiona. Niliweweseka. Mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa, nikapelekwa hospitali kwa gari ya jirani, nikalazwa siku tisa, nikapigwa sindano, kisha nikaanza kozi ya pili ya vidonge. Niliporudi nyumbani kusi ilikuwa imeshashika, chumba changu kina baridi, na pembe niliyoweka viatu ilikuwa tupu.

"Mama, viatu vyangu viko wapi?"

Mama alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kukunja. "Nilimwambia Omari aviondoe. Vilitaka kukuua."

Omari alikuwa mlangoni. "Nilivitia katika gari la taka. Vimekwenda jaani Kibarani, na vibaki huko."

Sikupiga kelele. Sikuwa na nguvu. Nilisema tu, "Haya," nikageukia ukuta. Siku tatu sikuzungumza na yeyote kati yao, na siku tatu hizo nililala kimya, sikugeuka hata upande. Nafikiri hilo ndilo lililowatisha. Mama alikuja akakaa kitandani, akaushika mguu wangu juu ya shuka.

Siku ya nne nilijikokota mpaka Kuze nikamwomba fundi anitengenezee kingine.

"Kile cha kwanza ki wapi?"

Nikamweleza.

"Basi siwezi," alisema. "Kiatu kilichokwisha kuvaliwa ndicho kinachonambia. Jasho limetoka wapi, soli imelika wapi, damu imegusa wapi. Nikikata kingine bila ya kukiona kile, nitakung'ata pahali pale pale."

Nilirudi. Omari alikuwa akila chakula cha mchana. Nilikaa mbele yake, nikamwambia yote, mpaka ule uongo wangu wa bizimu. "Kwa hivyo si kiatu kilichotaka kuniua," nilisema. "Ni mimi niliyenyamaza. Nataka kwenda Kibarani."

"Huwezi kwenda Kibarani na mguu huo."

"Basi nitakaa hapa maisha yangu yote. Ndivyo wataka?"

Omari alinawa mikono, akavaa viatu vyake, akateremka. Nilidhani amerudi kazini.

Alirudi kabla ya alasiri. Hakupanda juu. Aliniita kutoka chini ya ngazi, nikaenda mpaka nusu, harufu ikanifikia kabla yake. Shati lake jeupe la kazini lilikuwa na masizi mpaka kwapani. Mkononi alikuwa na kiatu kimoja, kimelowa, ukanda umekatika.

"Cha kushoto sikukiona. Hiki ndicho?"

"Ndicho."

"Palikuwa na mama mmoja anaokota vyuma. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia kiatu cha nduyangu. Akaniuliza kikoje." Omari alikitazama kiatu. "Nikamwambia ni kikubwa, cha mguu wenye matende. Akanisaidia kutafuta. Saa nzima, Mwanaisha, na sikumpa hata senti, hakutaka."

Tangu ugonjwa huu uingie nyumbani kwetu, neno matende halikuwa limetoka kinywani mwake. Mara ya kwanza alimwambia mwanamke asiyemjua, jaani. Mara ya pili alinambia mimi, pale ngazini. Mama alikuwa juu, amesikia. Alishuka akataka kukichukua akifue. Nilimwambia hapana mama, fundi anakitaka na uchafu wake.

Fundi Shee alikikata mbele yangu kama mtu anayepasua samaki. Chini ya bizimu palikuwa na doa la kahawia. Aliligusa kwa kidole.

"Ulinambia halina neno."

"Ndiyo."

"Basi wiki ile nilikuwa nikimsikiliza mtu mwingine." Akaokota kisu chake. "Safari hii nitakuuliza mara mbili."

Cha pili hakina chuma hata kidogo. Kamba zake ni mbili: moja ya vidole, moja ya juu, kila moja na mafundo yake, ili sehemu iliyojaa ilegezwe peke yake bila ya kuifungua nyingine. Pahali pa ukanda pana kitambaa kipana kilichokunjwa mara nne, kinachozunguka kifundo na kufungwa ubavuni, mbali na mshipa. Tabaka za sufu zimebaki, na cha kushoto alikitengeneza upya. Nilikijaribu kusi nzima. Kwa kuwa wengine mtataka kujua, nitasema kama nilivyomwambia yeye. Asubuhi kinakaa kama kiatu cha mtu yeyote. Adhuhuri lazima ukifungue, na usipokifungua kwa kuona haya utajuta. Mvua ikikinyeshea, turubai inajikaza na mafundo hayafunguki bila ya meno. Kina joto. Si cha kupendeza, na kutoka mbali kinafanana na kifurushi. Ukikimbia polepole kinakufuata. Ukitaka kwenda kasi kinakukumbusha kwamba wewe ni mgonjwa. Kabla ya ugonjwa nilikuwa nikiuzunguka uwanja mara kumi. Kwa kiatu hiki nauzunguka mara mbili, na wasichana wa miaka kumi wananipita. Hakikuniponya, wala hakuna kiatu kitakachoponya. Lakini tangu nikivae sijapata kidonda kimoja.

Muhula mpya ulipofunguliwa Bi Esta alisimama barazani kunitazama. Vilikuwa vipindi viwili mfululizo, jua la saa nne. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Katikati ya cha pili nikahisi vidole vimejaa. Nilijua la kufanya, na nilijua pia kwamba wasichana arubaini wananitazama, na kwamba ningeweza kuvumilia dakika ishirini zilizobaki. Nilisimama pale nikishindana na nafsi yangu. Kisha nikapuliza filimbi, nikawaambia wapumzike, nikakaa juu ya ngazi ya uwanja, nikapandisha suruali, nikafungua kamba ya chini, nikakivua kiatu kabisa. Mguu wangu ukawa nje, mchana kweupe. Mmoja alicheka, mwenziwe akamkanyaga. Nikatoa tabaka ya sufu, nikaitia mfukoni, nikakivaa tena, nikafunga, nikasimama.

"Mstari," nilisema.

Wakapanga mstari.

Kengele ilipolia Bi Esta alinijia. "Mbio za kasi nimempa Mwalimu mwingine," alisema. "Yaliyobaki ni yako. Jumatatu niletee ratiba."

Mbio za kasi ndizo nilizozipenda kuliko zote. Nilikubali, na sitasema kwamba jambo hilo halikuniuma.

Miaka mitatu imepita. Homa hunijia mara moja au mbili kwa mwaka, wakati wa joto zaidi. Omari ameoa, na mkewe amekuwa akiuinua mguu wangu juu ya mito kama jambo la kawaida, akiendelea na hadithi zake. Mama bado humwambia mgeni kwamba nina malaria, ila siku hizi shuka hanitupii.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke wa makamo, hapa hapa Kibokoni, mitaa miwili kutoka kwetu. Nilikuwa nikimjua mumewe na watoto wake; yeye sikupata kumwona. Alikaa ukingoni mwa kiti, buibui limemfunika mpaka sakafuni, akaniuliza, "Ni kweli wakimbia?"

"Kidogo."

"Mimi sitaki kukimbia. Binti yangu anaolewa Kuze, mfungo mosi, Ramadhani ikisha. Miaka kumi na moja sijatoka nyumba yangu jua likiwaka. Nataka kwenda harusini kwa miguu yangu, si kwa kupitishwa ua wa nyuma kama mzigo."

Niliunyanyua mguu wangu, nikauweka juu ya kigoda mbele yake, bila kiatu. Aliutazama. Baadaye naye akavuta buibui lake juu, taratibu, na wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu mara mbili, umefungwa vitambaa. Tulikaa hivyo. Sikusema pole.

"Fundi yuko Kuze," nilimwambia. "Twende sasa, kabla mguu haujajaa zaidi."

"Sasa? Mchana huu?"

"Apime wa sasa, kisha apime wa jioni."

Tulitoka. Alitembea kwa ndara za mumewe zilizokatwa nyuma, mkono ukutani. Penye kona kulikuwa na baraza na wanaume sita wakinywa kahawa, na hakuna njia nyingine. Akasimama. Mimi niliyeshindwa kusimama pahali pamoja tangu kuzaliwa nilisimama karibu naye, sikumshika mkono wala sikumhimiza, nikangoja. Jua lilikuwa kali. Aliliweka sawa buibui lake kichwani, akavuta pumzi.

"Salamu alaikum," aliwaambia wale wanaume, kwa sauti ya mwenye nyumba, akapita mbele yangu.